Sura ya Nne: Kabla ya Katapila

Watu wengi huamini kwamba barabara yao itajengwa siku wanapoliona katapila likishushwa kutoka kwenye trela. Kufikia siku hiyo karibu kila jambo la maana limekwisha kuamuliwa: barabara ipite wapi, iwe na upana gani, ibebe uzito gani, nyumba za nani zivunjwe, makalavati yawekwe wapi na yawe makubwa kiasi gani. Maamuzi hayo yamelala ndani ya majuzuu mazito yaliyoandaliwa na mhandisi mshauri, na serikalini yana jina ambalo kila anayefuatilia bajeti ya ujenzi nchini Tanzania analifahamu: upembuzi yakinifu na usanifu wa kina. Mbunge akiuliza barabara ya jimboni kwake itajengwa lini, akajibiwa kwamba upembuzi yakinifu unaendelea, watu huguna. Miguno hiyo naielewa, kwa sababu jibu hilo limewahi kutumika kuahirisha mambo mwaka hadi mwaka. Hata hivyo kipindi hicho cha makaratasi ndicho ambacho sauti ya mwananchi inaweza kuhamisha barabara nzima kwa gharama ya kalamu na kifutio. Baada ya mkataba wa ujenzi kutiwa saini, kuhamisha kalavati moja tu ni madai ya mkandarasi na mabilioni ya nyongeza.

Kazi huanza kwa kuhesabu. Vijana huajiriwa, hupewa fomu na kalamu, nao huketi kando ya barabara ya vumbi kwa siku saba mfululizo, siku nyingine usiku na mchana. Kila gari linalopita huwekewa alama kwenye safu yake: gari dogo, pikapu, basi dogo, basi kubwa, lori la ekseli mbili, lori la ekseli tatu, semitrela. Mahali pengine askari wa usalama barabarani husimamisha magari ili madereva waulizwe wametoka wapi, wanakwenda wapi, wamebeba nini. Fomu hizo zikijumlishwa hutoa wastani wa magari kwa siku, na tarakimu hiyo moja hutawala yote yanayofuata. Juu yake huongezwa magari yatakayohama kutoka njia nyingine, na magari ambayo leo hayapo ila lami yenyewe itayazaa. Kisha hesabu yote hukuzwa kwa asilimia kadhaa kila mwaka, kwa kawaida kwa miaka 20 ijayo.

Hapo pana mtego. Wiki moja ya baada ya mavuno haifanani na wiki moja ya masika, tope likiwa limefunga njia. Barabara ya kijijini iliyojaa mashimo haina magari kwa sababu ni mbovu. Anayekuja kuhesabu huandika kwamba haina magari, na hesabu ikahukumu kwamba haistahili fedha. Mwenda kwa miguu naye hana safu kwenye fomu nyingi. Barabara ya Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilizinduliwa Novemba 2012 ikiwa fahari ya Kenya nzima, na magari yakapita kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana pale. Lakini watu waliokuwa wakivuka kwenda sokoni, shuleni na kazini walikuwa bado wanavuka, safari hii wakiwa mbele ya njia nyingi za magari yaendayo kasi, huku madaraja yao ya kupita juu yakiwa machache na mengine hayajakamilika. Watu walikufa pale. Mtu asiyehesabiwa wakati wa upembuzi hukumbukwa baada ya mazishi.

Hata wenye vifaa na takwimu nzuri hukosea. Bent Flyvbjerg, mtafiti kutoka Denmark, na wenzake walilinganisha utabiri na hali halisi katika miradi 183 ya barabara, wakakuta kwamba katika nusu ya miradi hiyo idadi ya magari ilitofautiana na utabiri kwa zaidi ya asilimia 20. Mingine ilizidi, mingine ilipungua. Kwa hiyo ukisoma ripoti inayodai kwamba mwaka fulani ujao yatapita magari 4,327 kwa siku, hizo tarakimu za mwisho zisikutishe. Uliza walihesabu lini, kwa siku ngapi, na nani hakuhesabiwa.

Baada ya kuhesabu inakuja thamani, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana jambo lake la kujivunia. Programu inayotumika katika nchi nyingi kupima kama barabara inastahili kujengwa huitwa HDM-4, na sehemu ya mizizi yake iko Kenya. Mwaka 1971 TRRL, maabara ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa uchukuzi na barabara, ikishirikiana na Benki ya Dunia, ilianza utafiti mkubwa wa uwandani nchini humo. Walitaka kujua barabara mbovu inamgharimu nini hasa mwenye gari. Walipima jinsi barabara za lami na za changarawe zinavyochakaa, wakafuatilia mafuta, matairi, vipuri na saa za mafundi wa gereji. Kutokana na data hizo ilitengenezwa programu ya RTIM, kisha ikafuata HDM ya Benki ya Dunia, ambayo baadaye ilinenepeshwa na tafiti za visiwa vya Karibi, Brazil na India. Mhandisi anayekokotoa faida ya barabara huko Asia leo anatumia, bila kujua, maarifa yaliyoanza kukusanywa kwenye vumbi la Kenya.

Programu hiyo hujenga mustakabali wa aina mbili. Katika wa kwanza barabara inaachwa ilivyo, inakarabatiwa kidogo kidogo. Katika wa pili inajengwa upya. Tofauti ya gharama za mafuta, matairi, vipuri na muda kati ya hali hizo mbili ndiyo faida ya mradi. Faida ya mwaka wa ishirini haihesabiwi sawa na ya mwaka huu. Kwa miongo mingi wakopeshaji walitumia kiwango cha asilimia 12 kwa mwaka kupunguza thamani ya faida za baadaye, na kwa kiwango hicho shilingi 100 utakayoipata baada ya miaka 20 ina thamani ya kama shilingi 10 leo. Fikiria maana yake. Daraja lililoinuliwa ili kuhimili mafuriko makubwa ya miaka 30 ijayo huonekana anasa. Msitu wa mikoko utakaowafaa wajukuu hauna uzito. Isitoshe, saa ya abiria huwekewa bei kulingana na kipato chake, hivyo saa ya mkulima wa milimani anayebeba mboga kichwani inakaribia kuwa bure. Mimi siikatai hesabu hii. Bila hesabu kila barabara ingekwenda kwenye kijiji cha waziri. Lakini ni lazima isomwe na watu wanaojua kilichoachwa nje yake, na maamuzi yatolewe mbele ya macho ya wote.

Kipimo kingine ambacho hakisameheki kikikosewa ni uzito wa ekseli. Kati ya mwaka 1958 na 1960 huko Illinois, Marekani, malori yalizungushwa kwenye vipande vya barabara vilivyojengwa kwa majaribio mpaka vikavunjika. Ilibainika kwamba madhara kwa lami hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli yenye matairi manne. Ukipakia tani 12, umeongeza uzito kwa sehemu moja ya tano tu, ilhali madhara yanazidi mara mbili. Ndiyo maana kuna mizani ya malori Vigwaza na Mikese, kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro, na ndiyo maana mhandisi mshauri hutakiwa kupima malori kama yalivyo barabarani. Akiandika uzito unaotakiwa na sheria huku malori yakibeba zaidi, barabara iliyosanifiwa kudumu miaka 20 itaanza kulika mifereji ya magurudumu ikiwa bado changa.

Ushoroba unaofundisha kuliko yote katika ukanda wetu ni ule wa Dar es Salaam hadi Zambia. Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964 ikiwa na shaba nyingi na bila bahari. Shaba yake ilitoka, na mafuta yake yaliingia, kwa reli zilizopita Rhodesia, nchi iliyotawaliwa na walowezi. Kenneth Kaunda wa Zambia na Julius Nyerere wa Tanzania walitaka reli ya kwenda Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walipima wazo hilo, wakasema reli hailipi: reli za kusini zina nafasi ya kutosha, mizigo ya kaskazini haitoshi, afadhali iboreshwe barabara.

Hesabu yao haikuwa ya kijinga. Iliegemea dhana moja ambayo haikuwekwa mezani ikachunguzwa, kwamba njia ya kusini itaendelea kuwa wazi. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alijitangazia uhuru wa walowezi, vikwazo vikafuata, na kabla ya mwaka kwisha Zambia ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta. Malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kwenye njia ya udongo ya zaidi ya kilomita elfu moja, mvua ikinyesha, milima ikiteleza. Waliopita pale waliiita njia ya jehanamu. Magari yalipinduka kwenye mteremko wa Kitonga na kwingineko, madereva walikufa, na tope lilimeza mali. Upembuzi mwingine, uliofanywa na kampuni ya Maxwell Stamp kwa fedha za Uingereza na Kanada, ulitoka mwaka 1966 ukisema reli inaweza kulipa. Ushoroba uleule, mizigo ileile, majibu mawili. Kilichobadilika ni maswali yaliyoulizwa.

Hatimaye ushoroba huo ulipata vyote. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968. Wachina waliijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Barabara yenyewe ya Dar es Salaam hadi Zambia, TANZAM, iliwekwa lami katika miaka hiyohiyo kwa misaada na mikopo ya nchi za Magharibi na Benki ya Dunia. Na miongo iliyofuata imeupa kila upande sehemu ya ukweli. Reli iliyosanifiwa kubeba mamilioni ya tani ilishuka mpaka chini ya tani 100,000 katika mwaka wa fedha wa 2014/15, huku malori yakichukua mizigo ya Zambia na ya Kongo. Hata hivyo, atakayesema wataalamu wa 1964 walikuwa sahihi ajibu kwanza: Zambia ingepumua kwa njia ipi miaka ile ya vita vya ukombozi? Nina msimamo katika hili. Usalama wa taifa na uhuru wa majirani ni faida halali ya barabara, na upembuzi usioweza kuiandika kwenye jedwali ulipaswa angalau kuitaja kwenye ukurasa wa kwanza.

Barabara hiyohiyo inafundisha jambo la pili. Lori linaweza kutoka Dar es Salaam likafika Tunduma kwa lami nzuri, kisha likalala kwenye foleni ya mpakani siku nyingi. Faida yote iliyokokotolewa kwa kuondoa mashimo huliwa na karatasi za forodha. Kituo cha huduma kwa pamoja kilizinduliwa Tunduma na Nakonde mwaka 2019 kwa sababu hiyo. Upembuzi wa ushoroba wa kweli huhesabu saa zote za safari: bandarini, kwenye mizani, mijini ambako barabara kuu imegeuka soko, na mpakani. Mara nyingi fedha chache zilizotumika kwenye ofisi na sheria huokoa muda mwingi kuliko tabaka jipya la lami.

Na kuna la tatu, Mikumi. TANZAM inakatisha hifadhi hiyo ya taifa kwa takriban kilomita 50. Anayesafiri na basi la Iringa au Mbeya anayajua matuta yake na bango la faini kwa atakayegonga mnyama. Wanyama wanaendelea kugongwa. Hayo yalikuwa yanajulikana mwaka 2010, serikali ya Tanzania ilipotangaza mpango wa barabara kuu kutoka upande wa Musoma kupitia Natta, Mugumu na Loliondo hadi Mto wa Mbu. Kilomita 53 zake zingepita kaskazini mwa Serengeti, mahali ambapo nyumbu kama milioni 1.3 huvuka wakifuata malisho na maji ya Mto Mara. Watafiti walichapisha mwaka 2011 hesabu iliyoonyesha kwamba, njia ya nyumbu ikizibwa, idadi yao ingeweza kupungua kwa karibu asilimia 35.

Mabishano yalipamba moto duniani kote, na sehemu kubwa ya mabishano hayo iliwasahau watu wa Loliondo na Mugumu. Hao walikuwa wakidai haki: mgonjwa wa Loliondo alikuwa na safari ndefu ya mateso kufika hospitali ya rufaa, na mfugaji hakuwa na soko. Aliyeishi mjini hakuwa na mamlaka ya kuwaambia wasubiri. Swali zuri zaidi, ambalo upembuzi ulipaswa kuanza nalo, lilikuwa jingine: je, kuna njia nyingine inayowafikisha watu hawa, na wengine wengi zaidi, pasipo kukata njia ya nyumbu? Ipo. Njia za kusini mwa hifadhi ni ndefu zaidi, lakini zinapita kwenye vijiji na mashamba mengi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zingehudumia watu wengi kuliko ile ya kaskazini. Ujerumani ilijitolea kugharimia upembuzi wa njia ya kusini. Mwaka 2011 serikali iliiandikia Kamati ya Urithi wa Dunia kwamba kipande cha ndani ya hifadhi hakitawekwa lami. Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Kenya la kutetea wanyama, ANAW, ilizuia lami isijengwe ndani ya hifadhi. Loliondo nayo haikusahaulika moja kwa moja: kipande cha Waso hadi Sale, kilomita 49, kimewekwa lami nje ya hifadhi.

Kulinganisha njia mbadala ndio moyo wa upembuzi yakinifu, na ndiyo sehemu inayofanywa kwa uvivu kuliko zote. Katika ripoti nyingi utaona njia tatu. Mbili zimechorwa vibaya kwa makusudi ili ile iliyokwisha kuchaguliwa na wakubwa ing'ae. Msomaji makini huanzia hapo.

Maji nayo yana ukaidi wake. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ya awamu ya kwanza jijini Dar es Salaam ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu katika bonde hilo, na serikali ikawahamishia baadhi ya wakazi Mabwepande kwa sababu bondeni si mahali salama. Mabasi yalianza kazi Mei 2016, na tangu hapo mafuriko yameifunga Jangwani mara nyingi, mabasi yakalowa, barabara ikakatika. Sasa upo mradi wa bonde la Msimbazi, ukiwamo ujenzi wa daraja jipya na kuihamisha karakana. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, mikoa ya kusini ikatengwa. Makalavati husanifiwa kwa kumbukumbu za mvua za zamani. Mvua za sasa hazifuati kumbukumbu hizo. Wazee wa kijiji wanaoonyesha mti uliofikiwa na maji ni chanzo cha taarifa ambacho mshauri yeyote anayejiheshimu hukitafuta.

Nimalizie na nyumba, kwa sababu hapo ndipo upembuzi hugusa mwili wa mtu. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Aliyekuwa ndani ya zile za zamani alichorewa X nyekundu, aondoke bila fidia. Aliyekutwa na upanuzi akachorewa ya kijani, alipwe. Kwenye Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, hifadhi inayodaiwa ni pana zaidi, mita 121.5 kila upande. Mwaka 2017 zaidi ya nyumba 1,000 zilivunjwa pale kupisha upanuzi wa njia nane. Baadhi ya wenyewe walikuwa na hati, umeme, maji, na risiti za kodi ya majengo. Barabara ile inasaidia maelfu kila siku, nami nasema ilihitajika. Lakini mpango ambao gharama yake ya nyumba haikuandikwa kwenye jedwali, kwa kuwa sheria ilisema hazistahili fidia, ulificha gharama, haukuifuta. Wenye nyumba ndio walioilipa.

Hata penye fidia, muda huua. Tathmini ikifanyika leo na malipo yakaja baada ya miaka mingi, bei ya saruji na ya kiwanja imekwisha kuruka, na mwenye nyumba amekaa muda wote huo bila kuthubutu hata kubadilisha bati. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inaweka kikomo: tathmini isiyolipwa ndani ya miaka miwili hufa. Wengi walioandikiwa hawalijui hilo.

Basi ukisikia kwamba mhandisi mshauri ameanza upembuzi wa barabara inayopita kwenu, usingoje katapila. Nenda kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa siku wanapokuja, hata ukihisi kwamba umeitwa kutia saini mahudhurio tu. Waonyeshe maji yanapopita wakati wa masika. Waambie watoto wanavukia wapi kwenda shule. Uliza njia mbadala zilikuwa zipi na kwa nini zimekataliwa, na majibu yaingie kwenye muhtasari. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ni waraka ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa nafasi ya kuusoma na kuutolea maoni. Iombe kwa maandishi kutoka taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira; nchini Kenya ni NEMA. Ukipewa juzuu la kurasa mia nne kwa Kiingereza, dai muhtasari wa Kiswahili, kwa sababu barabara ni yenu na deni lake mtalilipa ninyi na watoto wenu.